Mtoto, Nusukaputi na Hukumu ya Shaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Daktari anaposema mtoto mchanga lazima apasuliwe, wazazi wengi, kwetu Bugembe na kwingineko, huulizana kwa sauti ya chini: dawa ya nusukaputi haitamharibu akili? Swali hili si la ujinga. Akili ni moja ya mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, na mzazi amebeba amana ya mtu asiyeweza kusema anataka nini.

Wataalamu wa tiba nao wanaliuliza. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wachanga waliolazwa kwa dawa hizo kwa saa nyingi walipoteza seli za ubongo, na baadaye wakawa wazito wa kujifunza. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari: kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 3, operesheni inayozidi saa 3, au nusukaputi ya mara kwa mara, huenda ikagusa ukuaji wa ubongo. Kwa upande mwingine, watoto wachanga 722 katika nchi 7 walifanyiwa operesheni ya ngiri, wengine kwa nusukaputi ya muda usiofika saa moja, wengine kwa ganzi wakiwa macho. Walipofika miaka 5 walipimwa, na majibu ya 2019 hayakuonyesha tofauti ya akili kati yao.

Sisi tunaosoma usuli tumefundishwa kutenganisha yakini, dhana yenye nguvu na shaka. Kwa nusukaputi moja fupi, dhana yenye nguvu ni kwamba mtoto atakuwa salama. Kwa ile ndefu au ya kurudiwarudiwa, ipo shaka ya kweli. Sasa tuiweke shaka hiyo mbele ya ugonjwa wenyewe.

Kutoka Bugembe ukipita Iganga na Tirinyi unafika Mbale, ilipo hospitali ya watoto ya CURE, ambako wengi hupelekwa wakiwa na maji kichwani. Kwa watoto wengi chanzo huwa maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Maji hayo hukandamiza ubongo, na mtoto asipotibiwa huweza kufa, kupofuka au kupoteza akili ile ile tunayoiogopea. Hapa madhara ya kuacha yako karibu na yakini, na kanuni yetu inasema yakini haiondolewi na shaka.

Atasema mtu: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuacha linalotutia shaka tulifuate lisilotutia shaka, basi tungoje mtoto akue. Hoja hii ina heshima yake, lakini inadhani kwamba kungoja ni upande usio na shaka. Sivyo. Kungoja nako ni kitendo, na mwenye kukiamua ataulizwa juu yake kama aliyetia saini karatasi ya operesheni. Hadithi hiyo inafaa pale jambo linapoweza kusubiri bila madhara, au linapoweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu tu, kama tohara ya mtoto mchanga ifanywavyo mara nyingi.

Tena tusidhani kwamba kuikimbia dawa ndiyo huruma. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubayr, mwanachuoni wa Madina, alipotakiwa kukatwa mguu alikataa kinywaji cha kumpoteza fahamu. Lakini mguu ulikuwa wake na subira ilikuwa yake. Hakuna mzazi mwenye haki ya kumchagulia mtoto subira hiyo. Huko Ulaya na Marekani, hadi miaka ya 1980, baadhi ya watoto wachanga walipasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa kuwa madaktari waliiogopa dawa au walidhani mchanga hahisi. Mwaka 1987 utafiti wa Daktari Anand na wenzake ulionyesha kwamba waliopewa dawa kali ya maumivu walitoka katika operesheni wakiwa na hali bora zaidi.

Hata hivyo shaka ina haki yake. Inamwajibisha mzazi aulize: operesheni inaweza kungoja? Itachukua saa ngapi? Itarudiwa? Nani atamlaza mtoto na kumwangalia? Na inamwajibisha daktari ajibu kwa lugha ambayo mama anaielewa. Pale Mbale Daktari Benjamin Warf aliendeleza njia ya kuyafungulia maji mlango ndani ya ubongo, ili watoto wengi wasihitaji mpira ambao ukiziba lazima warudishwe chumba cha upasuaji. Kila marudio yanayoepukwa ni nusukaputi moja iliyoepukwa.

Linabaki la moyoni. Miaka kumi na miwili baadaye mtoto anaanguka mtihani wa darasa la saba, na baba anajiuliza kama ile saini ndiyo sababu. Huenda asijue kamwe. Lakini tumefundishwa kwamba hakimu aliyejitahidi kisha akakosea ana ujira mmoja. Naona mzazi aliyeuliza, akapima, akamtegemea Mola wake, yuko karibu na hukumu hiyo. Anayestahili kuogopa ni yule aliyeacha kuuliza, au aliyeifanya shaka kisingizio cha kukaa nyumbani.

Wallahu a'lam.