MAJI YALIYO NDANI YA JIWE

Ujumbe wa Jumapili
Somo: Zaburi 119:9-16

Mpendwa, ukienda mtoni uokote jiwe, utaliona limelowa. Lipasue. Ndani ni kavu! Limekaa majini miaka na miaka, lakini maji hayakuingia. Lianike juani kidogo tu, hata unyevu wa nje umekwisha.

Lakini kuna mawe yaliyokunywa maji. Wanasayansi wanatuambia sakafu ya bahari imegawanyika katika mabamba makubwa. Kuna mahali, kama kwenye Mfereji wa Mariana katika Bahari ya Pasifiki, ambapo bamba moja huzama chini ya lingine, sentimita chache kila mwaka. Linapopinda, linapasuka, na maji ya bahari yanapenya kwenye nyufa. Yakikutana na mwamba, yanaungana nao na kuugeuza madini mapya. Mojawapo ni serpentaini: katika kila kilo 100, karibu 13 ni maji. Ukiligusa, halilowi mkono. Maji yamekuwa sehemu ya jiwe lenyewe.

Bamba linashuka, joto na uzito vinaongezeka. Ikifika karibu kilomita 100, maji mengi yanakamuliwa, yanapanda na kusaidia mwamba wa juu kuyeyuka. Ndiko moto wa volkano nyingi za Japani na Indonesia unakotoka. Mengine yanazidi kushuka, yakibebwa na madini yanayostahimili.

Tunajuaje? Mwaka 2008, huko Juína nchini Brazil, wachimbaji walipata almasi ndogo ya kahawia, isiyo na bei ya maana. Ndani yake mlikuwa na chembe ya madini yaitwayo ringwudaiti, ambayo jicho haliwezi kuiona. Mwaka 2014 Graham Pearson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake walitangaza kwamba chembe hiyo ilikuwa na maji, karibu asilimia 1.5 ya uzito wake. Madini hayo hutoka kati ya kilomita 410 na 660 chini ya miguu yetu!

Wengine wamekimbilia kusema hayo ndiyo maji ya gharika ya Nuhu. Mimi sitasema hivyo, kwa sababu kule chini hakuna bahari ya mawimbi; ni maji yaliyofungwa ndani ya mawe. Tusimtetee Mungu kwa habari tusizo na hakika nazo.

Ninachouliza ni hiki: wewe ni jiwe gani?

Niseme ukweli wangu. Mtoto wetu alipolazwa, nilikaa kwenye benchi usiku kucha, mimi mchungaji, na sikuwa na maneno. Mahubiri yote yalinikauka. Kilichobaki ni Zaburi ya 23, niliyofundishwa na nyanya yangu jikoni tukichambua maharagwe. Hakujua kusoma, lakini alikuwa nayo moyoni. Usiku ule uzito uliponikamua, hiyo ndiyo iliyotoka. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimelowa nje tu.

Watu wa Mungu, tunalowa kila Jumapili. Tunaimba, tunalia, tunaruka. Jumatatu jua la madeni na karo linawaka, tumekauka. Daudi wa Zaburi alipitia mapango, na mwandishi wa Zaburi 119:11 anasema aliliweka Neno moyoni. Kuweka kunachukua muda, sentimita kwa sentimita. Na mara nyingi Neno hupenya pale tulipopasuka. Usiufiche ufa wako. Mwachie Bwana aingie hapo.

Wiki hii: chagua mstari mmoja. Usome asubuhi, uurudie kwenye matatu, umfundishe mtoto mkiwa jikoni. Ukifika Jumapili ijayo, uwe ndani yako.

Tuombe: Bwana, tumechoka kulowa nje. Neno lako lipenye, likae, na siku ya uzito litoke likiwa hai. Kwa jina la Yesu. Amina.