Kutoka Maiti Hadi Mlango wa Karibu

"Sasa Mwalimu, yule binti daktari aliyenyongwa, walimzika wapi?"

Nilikuwa nimeshamaliza. Jioni nne nimekaa kwenye mchanga wa mwalo wetu hapa Murangi, wakati dagaa wanaanuliwa, nikiwasimulia wenzangu kwa Kiswahili riwaya ya Patricia Cornwell iitwayo Postmortem, ambayo mpwa wangu aliisahau nyumbani kwangu ikiwa haina hata jalada. Muuaji ameshapigwa risasi, siri imefichuka, nami nangoja niambiwe nimesimulia vizuri. Badala yake nikapata swali hilo, tena kutoka kwa mama ambaye tangu jioni ya kwanza alikuwa akichambua dagaa kimya, nikadhani hasikilizi. Nikamwambia nitakwenda kuangalia. Usiku nikawasha taa ya sola, nikapekua kurasa upya. Maiti wanapimwa, wanapigwa picha, wanaangazwa kwa mwanga wa leza, uzi mmoja mmoja unaokotwa juu ya ngozi zao. Kaburini kitabu hakikai.

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mitatu, lakini mapenzi ya kusoma niliyapata kwenye vitabu vya upelelezi vya Kiswahili. Nilianza na Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale, mtu wa kiko asiyehitaji maabara kwa kuwa ana kichwa. Nikaja kwa Faraji Katalambula na Simu ya Kifo, kisha kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, jina ambalo huku Majita ukiliita sokoni watageuka watu kadhaa. Katika vitabu vya namna hii maiti ni mlango: ukishapita, hugeuki nyuma kuutazama. Nilidhani kwa Cornwell mambo yatakuwa tofauti, maana mpelelezi wake, Kay Scarpetta, ni daktari wa maiti, na mwandishi mwenyewe alifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo jijini Richmond, Virginia. Hakuandika mambo ya kusikia.

Kwa asiyekuwapo mwaloni, hadithi kwa ufupi ni hii. Wanawake wa Richmond wananyongwa vyumbani mwao usiku. Mmoja ni daktari kijana. Mumewe ndiye anayeukuta mwili, na polisi wanamshuku yeye kwanza. Juu ya maiti kuna vumbi linalometameta chini ya leza, nalo linakuja kujulikana kuwa ni la sabuni. Muuaji ni mtu wa kazi ya kupokea simu za dharura. Anawachagua wanawake kwa sauti zao.

Vijana wa bodaboda walipenda sabuni. "Mtu ananawa mikono, sabuni yenyewe inamkamatisha!" Walirudia hilo mpaka likawa mzaha wa kijiwe: kila anayenawa kabla ya kula samaki anaulizwa amemuua nani. Aliyekasirika ni mzee wa kanisa la Wasabato. Kosa lilikuwa langu. Nilisema, kwa mbwembwe za msimulizi, kwamba kwa daktari huyu maiti wanasema. Mzee akasimama.

"Mwalimu, hapo umeteleza. Aliyekufa hajui neno. Amelala mpaka siku ya kuitwa. Ukisema wafu wanasema, kesho watu hawa watakwenda kuzungumza na mizimu, na utakuwa umewafungulia wewe."

Nikamrudisha kwenye kitabu cha Mwanzo, kwenye damu ya Abeli iliyolia kutoka ardhini. Nilijiona nimempata. Mzee akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi waliosoma swali nusu.

"Ililia kwa Mungu, Mwalimu. Haikulia kwa polisi."

Sijapata jibu la maneno hayo mpaka leo, na sina hakika nalitaka. Yule ostadhi anayenunua dagaa kwetu kupeleka Musoma ndiye aliyetuamua, kwa njia yake. Akasema katika Qurani kuna mambo mawili. Kuna kanzu ya Nabii Yusuf: kama imechanika mbele mwanamke ni mkweli, kama imechanika nyuma mwanamume ni mkweli, na ilikuwa imechanika nyuma. Kisha kuna habari ya ng'ombe wa Wana wa Israeli, ambaye kipande chake alipigwa nacho mtu aliyeuawa, akafufuka. "Lile la pili ni muujiza," alisema, "halina shule. Lile la kanzu ndilo tuliloachiwa sisi." Mzee wa Sabato akakubali kanzu: kanzu haizungumzi, wanaozungumza ni walio hai walioitazama. Mimi nikataka kuongeza habari ya Susana na Danieli, jinsi kijana yule alivyowatenganisha wazee wawili waongo, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani, na kila mmoja akataja mti wake. Mzee akasema sura hiyo kwenye Biblia yake haimo. Nikanyamaza, ubishi wa vitabu vipi ni vya Mungu haumalizwi penye dagaa.

Mama akauliza swali lake ndipo watu wakatawanyika.

Nilijua kwa nini ameuliza. Mwaka 1996, miezi miwili hivi baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei karibu na Mwanza, ziwa lilituletea mtu. Wavuvi waliokuwa wakirudi alfajiri walimkuta kwenye matete, kifudifudi. Kila mtu alisema ni wa meli. Redio ilikuwa bado inazungumzia mamia waliokufa, na wale waliozikwa Igoma bila kutambuliwa. Kwa hiyo jibu lilikuwa limetungojea hata kabla ya maiti kufika. Polisi walikuja na daktari kutoka Musoma, na hapakuwa na pa kumpeleka marehemu katika hali aliyokuwa nayo. Uchunguzi ulifanyika palepale, nyuma ya khanga mbili zilizofungwa kwenye makasia. Khanga zilikuwa za mama huyu, wakati huo binti aliyeolewa mwaka huohuo. Mimi nilishika daftari la daktari, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kuandika akitajiwa haraka.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema huyu hana zaidi ya siku nne majini. Maji yetu ni ya vuguvugu, mwili unazama, unajaa hewa, unaelea. Meli ina miezi miwili. Huyu si wa meli. Alisema hakuna jeraha, hakuna kamba shingoni, na mapafu ni ya mtu aliyekunywa maji akiwa hai. Umri labda thelathini na tano. Nikaandika. Hakuna aliyemtambua, si sisi, si kambi za wavuvi jirani. Ziwa hili lina nchi tatu; angeweza kutoka Ukerewe, au popote. Tukamzika kabla ya magharibi, juu kidogo ya mwalo, ndani ya turubai, na zile khanga mbili zikaenda naye.

Nimesoma baadaye kwamba kuna kipimo cha kina zaidi. Majini mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye magamba kama ya kioo, viitwavyo daiatomu. Anayezama akiwa hai anavivuta pamoja na maji, moyo unaopiga mara za mwisho unavisukuma kwenye damu, na vinakwenda kukaa hata ndani ya uboho wa mifupa. Aliyetupwa majini akiwa ameshakufa, moyo wake hauwezi kuvisukuma. Siku hizi Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mwanza, na tangu mwaka 2009 tuna sheria ya vinasaba vya binadamu. Sisi tulikuwa na kisu, khanga na daftari.

Lakini kisu kile kilitosha kusema jambo moja, nami ndiye niliyeliandika: hakuna dalili ya kuuawa. Juma halikwisha, mtu akaenda kwa mganga. Sijui ni nani, hakuna aliyewahi kukiri. Ramli ikasema marehemu alitolewa kafara ili mtu apate sangara, na mtu mwenyewe ni mvuvi wa kambini, mgeni, ambaye mwezi ule nyavu zake zilikuwa na bahati. Jina likapita mwaloni kimyakimya kama moshi wa kuni mbichi. Usiku wa pili mvuvi yule alipakia nyavu zake akaondoka na mtumbwi wake, hatukumwona tena. Wengine walisema kukimbia kwake ni ushahidi. Mimi nilikuwa na maneno ya daktari, kwa mwandiko wangu mwenyewe ndani ya kichwa changu, na sikufungua mdomo. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ndivyo nilivyojiambia.

Nikiisoma riwaya ya Cornwell nikiwa na kumbukumbu hiyo, raha yake inanishtua kidogo. Ile njaa ya kupata jina, inayonifanya nigeuze kurasa usiku wa manane, naifahamu. Ndiyo iliyompeleka mtu kwa mganga. Ramli chonganishi haijawahi kurudisha mtu nyumbani ikamwambia hakuna aliyemwua ndugu yako. Riwaya nayo haiwezi. Nani atanunua kitabu cha kurasa mia tatu kinachoishia na mtu aliyeteleza kwenye mtumbwi? Hata Mwalimu Nyerere alipofariki London mwaka 1999, tukaambiwa ni saratani ya damu, wapo mkoani kwake hapa walioendelea kuuliza ni nani. Ugonjwa hauna uso wa kuuchukia.

Nisiionee maabara, hata hivyo, wala nisiiweke kapu moja na kibuyu. Nyuma ya riwaya ile kuna mauaji ya kweli, ya Richmond mwaka 1987. Timothy Spencer alihukumiwa kwa ushahidi wa vinasaba, akauawa kwa kiti cha umeme mwaka 1994. Lakini habari inayonikaa moyoni zaidi ni ya David Vasquez, aliyekuwa gerezani kwa mauaji ya mwaka 1984 huko Arlington, baada ya kukiri mbele ya polisi jambo ambalo hakulifanya. Wachunguzi walipoyaunganisha mauaji yale na mkono wa Spencer, akasamehewa, akatoka mwaka 1989. Maabara ina neno ambalo mganga hana: "siye". Huyu si wa meli. Huyu siye. Ina pia neno la pili, gumu zaidi kulisema mbele ya wafiwa, kwamba haijulikani. Na mtu anayesema haijulikani, akakunja vifaa vyake akaondoka, anawaachia watu maiti mikononi. Hapo ndipo kitabu cha Cornwell hakifiki, na hapo ndipo mama yule alipokuwa amesimama tangu 1996.

Kumbe sheria za kale zilifika. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, kuna habari ya mtu aliyekutwa amelala kondeni, ameuawa, muuaji hajulikani. Hakuna anayeambiwa atafute jina. Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima kutoka kwa maiti hadi miji inayozunguka. Mji ulio karibu zaidi ndio wenye mzigo. Wazee wake wanachukua mtamba asiyewahi kufungwa nira, wanamvunja shingo bondeni penye maji yanayotiririka, wananawa mikono juu yake na kuapa kwamba hawakumwaga damu hiyo wala hawakuona ikimwagwa. Nimekuwa Mkatoliki tangu ubatizo na sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Nilipomwambia ostadhi, naye akanipa ya kwake: Abdullah bin Sahl alikutwa ameuawa Khaybar, hapakuwa na shahidi, ndugu zake wakakataa kumwapia mtu kosa wasiloliona, wakakataa pia kiapo cha wenyeji. Mtume akalipa dia mwenyewe, ngamia mia, damu ile isipotee bure. Ostadhi alisimulia akiwa anapima dagaa kwenye debe, na nilimwona anatua debe chini alipofika kwenye ngamia.

Nadhani sheria hizi zinaelewa jambo ambalo mimi, msomaji wa kuhesabu dalili, nimelipita miaka yote. Ile ya Torati inaanza na utepe wa kupimia. Hazisemi jirani ndiye muuaji. Zinamtaka aape kuwa siye. Lakini hazimruhusu arudi kwenye shughuli zake kama kwamba maiti ni wa ziwa. Mzee wa Sabato angesema marehemu hajui kama amepimiwa au hakupimiwa, na nakubali. Sidhani utepe ule ulikuwa kwa ajili yake.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mama kumpa jibu, kwamba kitabu hakisemi. Hakushangaa. Akafuta mikono, tukateremka pamoja. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko tulivyowahi kuliona, likala mwalo wa zamani na mikuyu miwili, na nilikuwa nimeamini limemchukua na yule mgeni. Hapana. Mama alinionyesha mawe matatu kwenye majani, juu ya pale nilipopakumbuka. Maji yalipokaribia, alisema, yeye na wanawe walirundika mifuko ya mchanga kwa upande wa ziwa, majuma matatu mfululizo. Mifuko bado ipo, imepasuka, imeotwa na majani.

Nikasimama penye mawe nikaanza kutembea kuelekea juu, hatua za mtu mzima, nikihesabu chinichini. Kwenye hatua ya sitini na nane nikafika kwenye uzio wa mihogo, mlangoni kwangu. Kwake ni mbele zaidi.

"Wahesabu nini, Mwalimu?" akaniuliza kutoka kule chini.