Kumtetea Bila Kumwanika

Waraka wa kwanza wa Yohana unamwita Bwana Yesu mwombezi wetu kwa Baba, na Injili ya Yohana inamwita Roho Mtakatifu Msaidizi. Katika Kiyunani neno ni lile lile moja, na maana yake ya asili ni mtu aliyeitwa asimame kando ya mwenzake, hasa anapokuwa na shauri la kujibu. Sisi ambao usharika umetutuma shuleni kuwa watetezi wa wanafunzi wanaotoka kaya maskini tunalipenda neno hilo, kwa kuwa linatuonyesha mahali petu. Ni kando ya mtoto. Si mbele yake tukamziba, wala si nyuma yake tukamsukuma atazamwe na watu.

Lakini kusimama hapo kunazaa swali gumu: je, tukimsaidia mtoto maskini, msaada wetu unatupa haki ya kuutangaza umaskini wake?

Tuitazame hali ilivyo. Tangu Januari 2016 shule za serikali hapa Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne. Ada iliyokuwa ikilipwa sekondari za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, iliondolewa, na katika mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, ada iliondoka lakini umaskini haukuondoka nayo. Zimebaki sare, viatu, madaftari, nauli, chakula cha mchana, na kwa mabinti, taulo za kike. Mtoto hafukuzwi tena kwa ada; anajiondoa mwenyewe, kimya kimya. Binti anakosa siku tatu au nne kila mwezi. Kijana mwenye shati moja haji siku ambayo halijakauka. Mwingine anafika saa mbili na nusu kwa sababu ameanza kwa kumchotea maji bibi yake mgonjwa. Katika daftari la mahudhurio, hao wote wanaweza kuishia na jina moja: watoro. Utetezi wetu unaanzia hapo, kwa kutolikubali jina hilo kabla ya kujua habari iliyo nyuma yake.

Na habari hiyo tukishaijua, ndipo mtihani wetu unapoanza. Upo utaratibu unaopendwa sana: watoto wanaitwa mbele, mstarini shuleni au ibadani, wanakabidhiwa madaftari na viatu, picha zinapigwa, na mmoja anaombwa atoe neno la shukrani. Watoaji wanatoka na furaha ya kweli. Lakini kesho yake mtoto yule yule anaketi darasani na wenzake hamsini, na kila mmoja anajua kwamba viatu vyake ni vya msaada. Wapo vijana ambao huona afadhali kwenda pekupeku kuliko kuitwa jina. Watu husema wana kiburi. Sisi tunaoketi nao hatukioni kiburi hicho. Tunaona mtoto anayelinda kitu pekee alicho nacho, yaani heshima yake.

Maandiko yanatupa njia nyingine. Torati iliwaagiza wenye mashamba wasivune hadi pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Ruthu, mjane na mgeni, alipokuja shambani kwa Boazi, Boazi angeweza kumwita mbele ya wavunaji na kumpa gunia. Badala yake aliwaagiza vijana wake waangushe baadhi ya masuke makusudi, wala wasimkemee. Ruthu akaokota mpaka jioni, akarudi kwa mkwewe na efa moja ya shayiri aliyoipata kwa mikono yake. Boazi alitoa zaidi ya sheria ilivyodai, na aliyepokea hakuinamishwa kichwa.

Shuleni, kuangusha masuke kuna sura nyingi. Ni taulo za kike kuwekwa mahali ambapo binti yeyote anachukua bila kuomba. Ni uji wa saa nne kuwa wa shule nzima, si wa meza ya maskini. Ni kumweleza mkuu wa shule, faraghani na kwa ruhusa ya mtoto, kwa nini kijana huyu anachelewa, kisha kuomba adhabu iwe na nafasi ya kusikiliza, kwa ajili yake na wa mfano wake. Ni kumuuliza mtoto mwenyewe anataka nini, kama Bwana Yesu alivyomuuliza Bartimayo, ingawa upofu wake ulionekana na kila mtu.

Wapo watakaosema: sadaka ni ya watu, nao wana haki ya kujua imekwenda wapi. Ni kweli kabisa. Lakini hesabu si picha. Usharika unaweza kusomewa idadi ya sare zilizonunuliwa, na wazee wawili wakakagua stakabadhi na majina, bila jina hata moja kusikika kanisani. Uaminifu unadai mizani iliyo sawa. Haudai sura ya mtoto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Siri huweza kuwa pazia la uovu. Mtoto akituambia kwamba anapigwa hadi kuumizwa, anaandaliwa ndoa, au anaingiliwa na ndugu wa nyumbani, je, tunyamaze kwa kuwa alituomba? Hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto anayevunjiwa haki zake aifikishe serikali za mitaa. Lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba 116 ya kupiga simu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunamwambia mtoto ni siri zipi tutazitunza na zipi hatuwezi. Kipimo chetu ni kimoja: ukimya huu unamlinda mtoto, au unamlinda anayemdhuru? Umaskini si dhambi ya mtoto, nao unastahili kusitiriwa. Uovu anaotendewa unastahili kufikishwa kwa wenye mamlaka, na hata hapo habari ni ya wanaohusika, si ya kusimuliana kisimani.

Basi, ndugu washarika, mnapotutuma msituombe tulete watoto mbele ili muone kazi yenu. Siku moja mtaketi ibadani benchi moja na binti aliyemaliza kidato cha nne kwa sadaka zenu, nanyi msimjue. Mpeni mkono wa amani kama mnavyompa kila mtu. Baba aonaye sirini anamjua, na anawajua ninyi pia.