Mama na Majuma ya Likizo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumb. 6:4–9, 1 Sam. 1:21–28; 2:18–21; Mit. 31:10–31, Lk. 2:41–52, Zab. 127, 2 Tim. 1:5.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:7. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Shule zinapofungwa mwezi Juni, stendi za mabasi hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na ndoo. Katikati ya msongamano huo mama anamtafuta mwanawe kwa macho, na wakati mwingine anampita bila kumtambua, kwa kuwa kijana amerefuka na sauti yake imekuwa nzito. Mama huyu ameisubiri likizo hiyo tangu Januari. Ameweka akiba ya mchele na maharage. Amepanga kwamba watakwenda kwa bibi kuvuna mahindi, watahudhuria makambi, na ibada ya jioni itaimbwa tena wote wakiwepo.

Kisha likizo inaanza kweli. Mtoto analala hadi saa nne asubuhi. Simu haimtoki mkononi. Kuna tuisheni kila siku hadi alasiri, na mama mwenyewe hana likizo, maana genge lisipofunguliwa hakuna chakula. Majuma yanapita, na siku ya kurudi shuleni inafika kabla yale aliyoyatumaini hayajaanza. Juma hili tunajifunza juu ya matumaini hayo ya mama, na juu ya siku chache alizopewa pamoja na watoto wake.

JUMAPILI: Kanzu Ndogo

Soma 1 Samweli 1:21–28 na 2:18–21. Hana alikuwa na muda gani wa kukaa na Samweli?

Biblia haitaji idadi ya miaka. Inasema kwamba Elkana alipopanda na watu wa nyumbani mwake kutoa dhabihu ya kila mwaka, Hana hakwenda, bali alikaa na mtoto mpaka alipomwachisha ziwa. Ni uamuzi wa kushangaza. Shilo ndipo alipolia mbele za Bwana na kusikiwa. Nani angekuwa na sababu kubwa kuliko yeye ya kwenda kushukuru? Lakini alijua kwamba siku zake na mtoto zilikuwa za kuhesabika, akaona kuwa kumnyonyesha nyumbani ni sehemu ya nadhiri yake.

Kisha akamkabidhi kwa Bwana. Tangu hapo, kila mwaka alipopanda na mumewe, alimpelekea kanzu ndogo aliyomtengenezea. Mama yeyote aliyewahi kununua sare ya mtoto aliye mbali anaielewa kanzu hiyo. Hakuna mtoto wa kumpima. Kuna kukadiria tu. Mwaka jana alimfika kifuani, mwaka huu labda amefika begani. Ikiwa ndogo itambana, ikiwa kubwa mno ataiburuza mbele ya Eli. Bila shaka Hana alishona huku akiuwaza mwili unaokua bila yeye kuuona.

Hesabu ndogo inaweza kutusaidia. Tuseme mtoto anaanza shule ya bweni akiwa na miaka saba na kumaliza masomo akiwa na miaka kumi na minane, na kila mwaka anakaa nyumbani majuma kumi. Katika miaka hiyo 11 atakuwa amekaa na mama yake majuma 110, yaani miaka miwili na kidogo. Hesabu hii haitolewi ili kuwalaumu wazazi. Wengi wamewapeleka watoto bweni kwa sababu nzito, na Hana naye alimwacha mwanawe. Imetolewa ili majuma hayo yaonekane jinsi yalivyo machache.

JUMATATU: Mahali Panne

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Ni nyakati gani zinazotajwa za kuwafundisha watoto maneno ya Mungu?

Musa anataja nyakati nne: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hakuna hata moja inayohitaji fedha au maandalizi. Nyumba maskini kabisa ina kuketi, ina njia ya kwenda kisimani, ina kulala na kuamka.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa kufundisha lina maana pia ya kunoa. Anayenoa panga haligongi jiwe kwa nguvu mara moja kisha akaondoka. Hulipitisha taratibu, tena na tena, upande huu na upande ule. Mama aliyemkosa mtoto kwa miezi mitano hujaribiwa kufidia yote jioni ya kwanza, kwa maonyo ya saa nzima juu ya marafiki, masomo, mavazi na simu. Mtoto anainamisha kichwa, anaitikia “ndiyo, mama”, na hasikii kitu.

Tofauti yake ni pale wanapochambua mchele pamoja. Macho yako kwenye ungo, mikono ina kazi, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Hapo ndipo mtoto huuliza alilokuja nalo kutoka shuleni: kwa nini rafiki yake aliyeombewa na darasa zima alikufa, au kama ni kweli kwamba Mungu huwachukia wanaotenda jambo fulani. Mama asiyejua jibu aseme hajui, na waombe pamoja wakiendelea na mchele. Swali kama hilo halitokei kwa ratiba. Likitokea mama akiwa hayupo, mtoto atampelekea mtu mwingine.

JUMANNE: Mtoto Aliyefungwa Kiunoni

Historia ya masomo haya ya Shule ya Sabato inaanzia katika familia iliyokuwa na shida ya namna hii. Mwaka 1852 James na Ellen White waliishi Rochester, jimbo la New York. Nyumba yao ilikuwa pia makao ya watenda kazi wa uchapishaji, na chakula kilikuwa haba. Mwana wao Edson, mwenye miaka mitatu, akashikwa na kipindupindu. Wazazi waliomba, akapata nafuu, lakini alikuwa bado dhaifu sana, na mikutano ilikuwa imeshatangazwa njia yote hadi Bangor, jimbo la Maine. Wakaondoka naye kwa gari la farasi. Mama alikuwa amechoka kwa kukesha. Aliogopa kwamba akisinzia mtoto atamponyoka, basi akamlaza mapajani, akamfunga kiunoni mwake, wakalala wote wawili sehemu kubwa ya safari ya siku hiyo. Akina mama wanaobeba watoto kwa kanga na vitenge hawahitaji maelezo zaidi.

Katika safari hiyo hiyo, walipomsimamisha farasi ale, James White aliandika masomo ya Shule ya Sabato kwa ajili ya vijana. Meza yake ilikuwa kifuniko cha sanduku la chakula, au kofia yake. Masomo hayo yalichapishwa katika The Youth's Instructor, gazeti la vijana lililoanza Agosti mwaka huo. Ndiyo kusema masomo ya kwanza ya aina hii kati ya watu waliokuja kuitwa Waadventista Wasabato yaliandikwa kando ya barabara, karibu na mtoto mgonjwa.

Mwana wao mkubwa, Henry, hakuwa nao wakati huo. Kwa sababu ya safari za kazi, alikuwa ameachwa tangu mwaka 1848 kwa familia ya Howland huko Topsham, Maine, na alikaa huko karibu miaka mitano kabla ya kurudi kwa wazazi wake. Yeyote anayedhani mwanamke huyu aliandika juu ya watoto na nyumbani kwa sababu alikuwa na nafasi tele ya kukaa nao, hajasoma maisha yake.

Baadaye familia ilihamia Battle Creek, Michigan. Katika shajara yake ya Aprili 1859, majira ya baridi yakiisha, Ellen White aliandika kwamba alitumia sehemu kubwa ya siku moja kuwatengenezea watoto wake bustani. Alitaka nyumbani pawe mahali panapowapendeza kuliko pengine popote. Mwanamke aliyekuwa na barua za kujibu, makala za kuandika na wageni wa kulisha aliinama kwenye udongo siku nzima, ili kiangazi kitakapofika wanawe wawe na kitu chao cha kukimbilia. Henry alikuwa na miaka 11, Edson 9, na Willie 4.

Mwaka uliofuata alizaliwa mtoto wa nne, John Herbert, akafa kabla hajatimiza miezi mitatu. Na Agosti 1863 familia ilisafiri kwenda majimbo ya mashariki. Wavulana walibaki Topsham wakati wazazi wakizunguka mikutanoni. Wazazi waliporudi kwao mwishoni mwa Novemba, Henry alikuwa na mafua. Yakageuka kuwa nimonia, na tarehe 8 Desemba akafa, akiwa na umri wa miaka 16. Bustani ya 1859 ilikuwa imelimwa kwa ajili ya watoto watatu.

JUMATANO: Mikono Mingi

Soma Mithali 31:10–31, ukiangalia hasa aya za 15, 23 na 28.

Sura hii husomwa mara nyingi siku ya akina mama, na wengi hutoka kanisani wakiwa wamechoka zaidi kuliko walivyoingia. Lakini soma polepole. Mwanamke huyu ana wasichana wa kazi, ambao aya ya 15 inawataja. Ana mume anayejulikana malangoni na anayemsifu kwa kinywa chake. Ana watoto wanaoinuka na kusema jambo jema juu yake. Hakuachiwa nyumba peke yake.

Ukweli mwingine ambao hausemwi sana kanisani ni kwamba likizo ikifika juma la tatu, akina mama wengi wanaowapenda watoto wao huanza kuhesabu siku za kufungua shule. Hiyo si dhambi, ni uchovu. Nyumba iliyoongezeka watu watatu imeongezeka sahani, nguo na makelele. Kijana wa kiume aliyefika kidato cha pili anaweza kusonga ugali, kufua na kupiga deki. Baba anaweza kuongoza ibada ya asubuhi. Zaburi 127 inasema juu ya wanaoamka mapema na kuchelewa kulala bila faida. Ni vema familia nzima iisome pamoja siku ya kwanza ya likizo, kabla kazi hazijagawanywa.

ALHAMISI: Walidhani Yumo Msafarani

Soma Luka 2:41–52. Yusufu na Mariamu walikosea wapi?

Ilikuwa safari ya familia kama zile za majira ya makambi: ndugu na majirani njiani, watoto wakihama kutoka kundi hili hadi lile. Kila mtu ni shangazi au mjomba wa kila mtoto. Mariamu hakuwa mama mzembe. Alidhani tu kwamba mtoto yuko na jamaa, akaenda mwendo wa siku moja kwa dhana hiyo.

Watoto wengi hupelekwa kwa jamaa wakati wa likizo, na ni jambo jema mtoto kuwajua watu wake. Hata hivyo mama aulize: atalala chumba gani, na nani? Nani hubaki nyumbani mchana? Mtoto akipiga simu na kusema anataka kurudi, mama asimwambie avumilie kabla hajauliza sababu. Kuna madhara yaliyowapata watoto katika nyumba za watu waliokuwa wakiaminiwa, wakanyamaza kwa miaka, kwa sababu mkubwa alikuwa “mtu wa kwetu”. Heshima kwa jamaa haiondoi wajibu wa kuuliza.

Walipompata, mama aliuliza swali, na jibu la mtoto hawakulielewa. Luka anasema wazi kwamba hawakulielewa. Mariamu hakumlazimisha alieleze njiani, bali aliyaweka hayo moyoni, wakashuka Nazareti. Miaka karibu 18 iliyofuata Injili haitupi tukio hata moja la nyumba ile, ila kwamba mtoto alitii na akakua.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Edson, yule mtoto aliyefungwa kiunoni mwa mama yake, hakuwa rahisi kulea. Kwa miaka mingi alisumbuka na madeni na kuwa mbali na Mungu, na mama yake alimwandikia barua nyingi, nyingine za upole na nyingine za kukemea. Mwaka 1893, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alimrudia Bwana. Mwaka 1894 alijenga mashua ya mvuke, Morning Star, na Januari 1895 ikafika Vicksburg, Mississippi, ambako yeye na wenzake waliwafundisha kusoma na kuwahubiria watu weusi, wengi wao waliowahi kuwa watumwa. Mama hakuwepo kumwona akigeuka. Alikuwa Australia, na habari zilimfikia kwa barua.

Paulo naye alipomkumbuka Timotheo, katika 2 Timotheo 1:5, alianza na bibi Loisi, kisha mama Eunike, kisha kijana mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Hana alibaki nyumbani wakati wengine walipokwenda kuabudu Shilo. Ni wakati gani shughuli za kanisa, hata zilizo njema, huchukua siku za watoto? Zungumzeni kwa uwazi, wakiwemo wazee wa kanisa na viongozi wa idara.

2. Katika kundi lenu kuna mama anayelea peke yake, au anayefanya kazi mji mwingine na kuwaona watoto mara moja kwa mwaka? Darasa linaweza kumfanyia nini kabla ya likizo ijayo? Tajeni jambo moja, na nani atalifanya.

3. Mama aliyempoteza mtoto husikiaje somo hili? Anzeni mjadala wenu kwa kumpa nafasi ya kusema, au ya kukaa kimya akitaka.

4. Waulizeni watoto wenyewe, juma hili, wanakumbuka nini kutoka likizo iliyopita. Leteni majibu yao darasani Sabato ijayo.