Kungojea Wakati Ambao Umeshafika

Somo: Hagai 1:1-15, Ezra 5:1-5



Leo nataka kusema na wale ambao wamekuwa wakisema "nitaanza mwezi ujao." Mwaka huu nimeketi na watu wengi kuhusu mambo ya kazi. Mmoja ni ndugu yetu aliyeachishwa kazi ya uhasibu, na ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Alikuja na wazo zuri sana: awawekee hesabu wenye maduka, kila mmoja amlipe kwa mwezi. Nikamuuliza, umepata mteja wa kwanza? Akasema, "Pasta, bado naomba. Nangoja wakati wa Mungu." Huo ulikuwa mwezi wa nane. Mke wake ndiye analisha nyumba kwa kuuza mitumba, na alikuwa amechoka. Jambo kama hili huvunja nyumba, si mchezo.

Sasa tumwangalie Hagai. Ni mwaka 520 kabla ya Kristo, mwaka wa pili wa mfalme Dario. Wayahudi walikuwa wamerudi kutoka Babeli, wakaweka msingi wa hekalu, halafu kazi ikasimama karibu miaka 16. Ukiwauliza, jibu lao lilikuwa la kiroho kabisa: wakati wa kujenga bado.

Tusiwaonee. Ezra 4 inaonyesha walikuwa na maadui wa kweli, waliowavunja moyo na hata kulipa washauri wawapinge. Mtu anayechelewa si lazima awe mvivu. Wengi wetu tunaogopa. Tunaogopa kutaja bei halafu mtu acheke. Tunaogopa kuambiwa hapana na mtu tunayekutana naye hapa kanisani kila Jumapili. Lakini Hagai anauliza swali linalouma: mbona nyumba zenu nyinyi zimepigwa mbao vizuri? Kumbe mbao zilikuwako! Na mimi nauliza kwa upendo, mbona bando la kutazama video usiku lipo, na la kumtumia mteja ujumbe halipo? Vijana, sijataja mtu.

Wacha niweke jambo moja wazi. Hagai alikuwa anasema juu ya hekalu, si juu ya biashara yako. Mtu asitoke hapa akisema pasta ameliita duka lake nyumba ya Mungu. Lakini namna Mungu alivyowatoa watu wake katika kusitasita, hiyo tunaweza kujifunza.

Angalia mstari wa 8. Mungu hakuanza na ukuta wala paa. Kwanza aliwatuma mlimani kutafuta miti. Kupanda mlima na kukata mti ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya Jumatatu asubuhi. Ndugu yetu alikuwa anaona kampuni nzima: ofisi, kompyuta mpya, kibao mlangoni. Nikamwambia, mti wako wa kwanza ni yule mwenye hadiwea pale steji. Nenda na daftari. Mwambie utampangia hesabu za mwezi mmoja tu, taja bei, nusu atoe mbele na nusu akishaona kazi. Mliyokubaliana yaandikeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Kama wewe ni mshonaji, mchoraji, mtafsiri au mpiga picha, mti wako ni kazi moja ya mfano ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho yake. Na wewe wa kazi za mtandaoni, yule anayekuitisha pesa za kujiandikisha ndipo akupe kazi, mkimbie.

Tena fuata mpangilio wa maandiko. Mstari wa 12, watu wanatii. Wa 13, Bwana anawahakikishia yuko nao. Wa 14 ndipo roho zao zinaamshwa. Sisi tunageuza! Tunataka tuamke siku moja tukiwa na moto, ndipo tutii. Neno lilikuja tarehe 1 ya mwezi wa sita, na tarehe 24 walikuwa kazini. Siku 23, baada ya miaka 16.

Walipoanza, liwali Tatenai akaja kuuliza ni nani aliyewaruhusu. Barua ikapelekwa kwa Dario. Je, waliweka nyundo chini wakingoja majibu? Hapana, waliendelea kujenga. Na majibu yalipokuja, mfalme aliamuru gharama zitoke kwenye mapato yake. Kama wasingeanza, barua hiyo isingeandikwa, na hazina hiyo isingefunguliwa.

Lakini hekalu lilimalizika mwaka wa sita wa Dario. Hiyo ni miaka minne na zaidi ya jasho. Anayekuambia uanze leo na mwezi ujao ununue gari hajasoma Ezra. Kutakuwa na mteja atakayechelewesha pesa, na mke wako au mume wako anafaa kujua hivyo mapema, asije akadhani unamficha. Pesa za kazi usizichanganye na za unga. Ndiyo maana watu wana Pochi la Biashara au laini nyingine ya simu. Hagai anataja mshahara uliowekwa kwenye mfuko wenye matundu, na mimi nimeona mifuko hiyo mingi hapa kwetu.

Ndugu yetu alienda. Mwenye hadiwea alikataa kabisa, ati hesabu zake ziko kichwani. Wa pili, mama mwenye duka la dawa, akakubali kwa shilingi 3,000. Ni kidogo, lakini Jumapili iliyofuata huyu ndugu alileta zaka yake ya kwanza tangu aachishwe kazi, na mke wake alikuwa amekaa kando yake.

Jumatano kwenye maombi ya jioni, kila mwenye ujuzi ambao haujaanza kutumika aje na karatasi yenye mambo mawili: jina la mtu mmoja atakayemwendea wiki hii, na bei atakayomtajia. Tutayaombea majina hayo moja moja. Tunaanza saa kumi na mbili unusu.