Je, Ni Haki Kumnyamazisha Anayetuonya?

Katika toleo hili tunalileta kwenu swali moja la maadili. Mtu akituletea onyo linalotuumiza, nasi tukashuku kwamba anasema uongo, tumfanyie nini? Tumuamini? Tumfukuze? Tumzibe mdomo?

Mfano wetu tunauchukua gereji. Vijana wetu wanajifunza ufundi, na ndugu zetu waliohamishiwa nchi ya tatu, kama Marekani na Kanada, wanakutana huko na mitambo ya namna hii. Hata asiyewahi kushika spana ataelewa, maana jambo lenyewe ni la haki.

Shahidi ndani ya tangi

Tingatinga, greda na kijiko hutumia dizeli. Moshi wa dizeli una oksidi za nitrojeni, ambazo huumiza mapafu, hasa ya wenye pumu. Kuanzia mwaka 2014 Marekani na Ulaya zilikaza sheria za moshi wa mitambo ya ujenzi, na injini nyingi zikawekewa tangi la pili, la maji ya urea. Ni jamaa ya ile mbolea tunayotia kwenye mahindi, ila imesafishwa sana: urea asilimia 32.5, na iliyobaki ni maji safi yasiyo na chumvi. Maji hayo hunyunyizwa kwenye bomba la moshi. Joto huigeuza urea kuwa amonia, na amonia ikikutana na zile oksidi ndani ya kichujio maalumu, hutoka nitrojeni na mvuke, vitu visivyomdhuru mtu.

Ndani ya tangi hilo kuna kifaa ambacho mafundi hukiita sensa (siyo ile ya kuhesabu watu). Kazi yake ni kutoa ushuhuda: maji yamebaki kiasi gani, yana joto gani, na je, ni ya kweli au yamechanganywa? Ikisema maji ni mabaya, taa huwaka. Onyo likipuuzwa, nguvu za injini hupunguzwa kwa hatua, hata mtambo ukashindwa kufanya kazi. Hapo dereva anakaa, vibarua wanakaa, na tajiri anapiga simu kwa hasira.

Fundi wa haraka na fundi mwaminifu

Fundi wa haraka akiona taa hiyo husema, "Sensa imekufa, nunua nyingine." Amemhukumu shahidi kabla ya kuisikia kesi.

Fundi mwaminifu huanza kwa kusoma namba ya kosa. Namba hiyo ina sehemu mbili: ya kwanza hutaja kitu kinacholalamikiwa, ya pili hueleza aina ya lalamiko. Katika mitambo mingi 3364 ni ubora wa maji ya urea. Ikifuatwa na 1, maana yake ni kwamba sensa inafanya kazi na inasema maji ni dhaifu. Ikifuatwa na 3 au 4, umeme kwenye waya umezidi au umepungua. Ikifuatwa na 9, habari zake hazifiki kwa mpangilio unaotakiwa. Anayelaumiwa ni mmoja, lakini kesi ni tatu tofauti. Asiyesikiliza hadi sehemu ya pili ataadhibu asiye na hatia.

Kisha hupima. Huchota maji kidogo na kuyatazama kwa kipimo cha mwanga kinachoonyesha kiasi cha urea. Kikisoma asilimia 20 badala ya 32.5, mtu ameongeza maji, na sensa imesema kweli. Hutazama kama kuna dizeli inayoelea juu. Huuliza madumu yalikaa wapi, kwa sababu maji hayo yakitunzwa kwenye nyuzi joto 25 hudumu kama miezi 18, lakini kwenye nyuzi 35 hudumu kama miezi 6 tu. Huuliza pia kama tangi limejazwa sasa hivi, kwa kuwa baadhi ya sensa hupima kwa mawimbi ya sauti, na mapovu huzidanganya. Dawa ya hapo ni kusubiri mapovu yatulie.

Maji yakiwa mazuri, ndipo anageukia waya. Hufungua soketi na kutafuta unga mweupe, maana maji ya urea yakivuja na kukauka huacha chumvi inayokula shaba. Huzima umeme na kupima zile nyaya mbili za mawasiliano. Zikiwa nzima hutoa takriban omu 60. Yote hayo yakiwa sawa, na sensa bado inalalamika, basi shahidi amepimwa na kuonekana mbovu. Sasa kumbadilisha ni haki.

Ndugu msomaji, usidhani tofauti ya mafundi hawa ni elimu peke yake. Yule wa kwanza ametumia fedha ya mwenzake kununua kifaa cha bei kubwa bila ushahidi. Tena akikifunga kwenye maji yaleyale mabaya, taa itawaka tena. Amefukuza shahidi mmoja, na shahidi wa pili amesema yaleyale.

Na sisi je?

Tuyatazame makazi yetu. Mama mmoja akisema, "Mzani wa mgao unapunja," mara nyingi tunauliza nini? Tunauliza yeye ni nani, ametoka kabila gani, mbona ana maneno mengi. Tunampima mama badala ya kupima mzani. Kumbe kilo moja ya mawe iliyopimwa mahali pengine ingetosha kumaliza ubishi kwa dakika tano. Kama mzani ni mzima, mama atatulia bila kuaibishwa. Kama unapunja, ametuokoa sote.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Sauti moja inasema, "Mzee fulani ni mchawi," au "Kijana yule ndiye mwizi," na kabla ya jua kuzama nyumba ya mtu imebomolewa. Hapo tumemuamini shahidi bila kumpima. Torati ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumtia mtu hatiani, na wengi wetu tulikimbia makwetu kwa sababu watu walihukumiwa kwa sauti moja, au kwa jina tu. Kuamini kila onyo na kukataa kila onyo ni uvivu uleule: katika yote mawili hakuna aliyepima.

Kuziba mdomo

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo inayomjaribu kijana wa gereji. Kuna vifaa na programu za kuidanganya injini kwamba maji ni mazuri na kila kitu ni salama. Taa inazimika, nguvu zinarudi, moshi unatoka mchafu, na hakuna anayejua. Marekani sheria inakataza jambo hilo. Wakubwa nao hawakupona: mwaka 2015 ilifichuka kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika mamilioni ya magari ya dizeli programu iliyotambua saa ya kupimwa na kusafisha moshi wakati huo tu. Mwaka 2017 ilikiri kosa mahakamani huko Marekani. Njia ya mwongo ni fupi.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kijana atauliza, "Kazi imesimama, sensa yenyewe kweli ni mbovu, ya kuagiza itafika baada ya wiki tatu. Watoto wa vibarua wale nini?" Swali hilo ni la haki. Sensa huharibika, na mtambo unaomwadhibu mtu kabla ya kumpa nafasi ya kupima nao una kasoro. Mwezi Agosti 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa mwongozo ikiwataka watengenezaji warekebishe programu zao, ili mashine isipoteze nguvu ghafla na mwenye nacho apate muda wa kutengeneza.

Angalieni ni nini kilichotakiwa pale: adhabu ichelewe ili ukweli upatikane. Hiyo ni rehema. Kuweka ushuhuda wa uongo mahali pa ushuhuda wa kweli ni jambo lingine kabisa. Anayeomba muda bado anataka kujua. Aliyeziba mdomo ameamua kwamba hataki kujua tena, na mzigo amemwachia anayevuta moshi huo bila kuulizwa: kibarua mwenye koleo nyuma ya mtambo, na mtoto wa nyumba ya jirani.

Basi kijana afanye nini tajiri akimwamuru? Aandike alichopima, namba kwa namba. Aseme gharama ya kutengeneza na siku zitakazohitajika. Atafute kama mtambo mwingine unaweza kukodiwa. Kisha akatae kudanganya. Hatuwezi kumwahidi kwamba hatapoteza kazi. Tunachoweza kusema ni kwamba fundi ambaye neno lake ni kweli hata taa inapowaka, ndiye atakayeaminiwa nalo inapozimika.

Ya kujadiliana katika vikundi vya nyumbani

1. Ni onyo gani katika kijiji chetu tulilomhukumu aliyelileta badala ya kulipima?
2. Mtu akisingiziwa, nani kati yetu atasema, "Ngojeni kwanza tupime"?
3. Kijana aliyefukuzwa kazi kwa kukataa uongo, kanisa limsaidieje?

Amani iwe nanyi.