TUSHUKE CHINI TUMWINUE KIJANA

Somo: Matendo ya Mitume 20:7-12



Tunamsoma kijana Eutiko. Mtume Paulo alihubiri kule Troa mpaka katikati ya usiku. Kijana aliketi dirishani, usingizi ukamshinda, akaanguka kutoka orofa ya tatu, wakamwinua amekwisha kufa. Je, Paulo alifanya nini? Hakumkaripia. Hakuuliza wazazi wake ni nani. Aliacha mahubiri, akashuka, akamkumbatia. Ndipo kijana akaletwa akiwa hai, na watu wote wakafarijika.

Wandugu, hapa Kolwezi vijana wetu wanaanguka usiku. Tangu kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014, wengi wamekuja kutafuta maisha katika mashimo. Kijana akitoka shimoni na franka mfukoni, mlango wa kwanza anaoukuta ni wa nganda. Huko kuna muziki, bia na lutuku. Na binti zetu wengine wanapelekwa huko na njaa ya nyumbani.

Siwahukumu, maana mimi mwenyewe nilikosa. Usiku mmoja mwanangu alirudi amelewa. Nilimfungia mlango, nikidhani ninamfundisha. Akarudi alikotoka, kwa kuwa mlango ule ulikuwa wazi. Asubuhi tulimkuta kando ya barabara, amepigwa, feza na viatu vimechukuliwa. Mama yake aliniuliza: "Baba, maneno hayangengoja asubuhi?" Sikuwa na jibu.

Basi, tushuke kama Paulo.

Kwanza, mlango usifungwe. Aliyelewa aingie, alazwe kwa ubavu asisongwe na matapishi, asiachwe peke yake. Maneno yangoje asubuhi.

Pili, mkesha wetu ukiisha usiku, mabinti wasitembee peke yao gizani. Wazazi wa kila mtaa wawasindikize, ao tungoje pamoja mpaka kupambazuke.

Tatu, tuwaambie watoto ukweli. Lutuku inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Mtu akinywa kisha akasema haoni vizuri, apelekwe hospitali saa ile ile, tutamwombea njiani. Mungu hazuiliwi na munganga. Tena asipande pikipiki ya dereva aliyelewa, wala asinywe glasi aliyoiacha mezani.

Nne, tuwape vijana jioni yao ya Jumamosi hapa kanisani: kwaya, ngoma, chakula, na munkoyo wa siku hiyo hiyo. Tukisema tu "usiende", bila kumwonyesha pa kwenda, tumemwacha dirishani.

Wapendwa, kumbukeni neno hili: chumba kile cha Troa kilikuwa na taa nyingi, na hata hivyo kijana alianguka. Taa peke yake haikutosha. Alitakiwa mtu wa kushuka.

Bwana atupe miguu ya kushuka na mikono ya kukumbatia. Amina.

Ni mimi shemasi wenu